Mtoto anaenda kucheza: amevaa nini?

Wazazi wapendwa, katika misa ya majimbo ya Kongo, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, tunacheza wakati wa Utukufu. Ndiyo maana batoto wetu wanakuja parokiani kujifunza. Lakini muangalie vile munawavalisha!

Nguo ndefu ya sikukuu inamukamata mtoto miguu, anaanguka. Kikwembe kisichofungwa vizuri kinateleza; anakishika kwa mikono yote mbili, wenzake wanamucheka. Siku ingine hataki kurudi. Si kwamba hajui kucheza: nguo ndiyo imemushinda.

Basi, musichana avae nguo nyepesi inayofika chini ya magoti, na kaputula ndani. Kikwembe mukishonee elastike. Kijana asivae suruali ya kubana. Pini na shanga zibaki nyumbani. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Katanga ni kali: akimaliza kucheza na jasho, avae triko.

Na ninyi vijana munaowafundisha, musimurudishe mtoto kwa sababu nguo yake imezeeka. Mushahara wa baba unaweza kuchelewa. Nguo safi, yenye kumuacha anyooshe miguu na mikono, inatosha.