Kinachomsukuma Mtu Kazini

Katika kila kikosi cha jeshi na kila kituo cha polisi wapo watu wa aina mbili. Yuko yule afanyaye kazi afande akiwapo tu, na yuko yule ambaye lindo lake la saa nane za usiku ni sawasawa na lindo la mchana. Wote wawili huvaa sare moja na hupokea mshahara mmoja. Je, tofauti yao imetoka wapi? Swali hili linamhusu kila mwenye kazi, na jibu lake laweza kuanza kutafutwa kwa mkulima wa vilima vya Burundi.

Huko Mutoyi, katika tarafa ya Bugendana mkoani Gitega, kama ilivyo Muyinga na sehemu nyingine nyingi za nchi hiyo, kahawa ni zao la fedha. Mbuni hauzai mwaka uleule unapopandwa. Mkulima hupalilia na kutandaza majani kwa muda wa miaka mitatu hivi kabla ya kuchuma mavuno ya maana. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwalazimisha wenye kaya kupanda mibuni, na aliyezembea aliadhibiwa. Mibuni ilipandwa kweli, maana kiboko kina nguvu. Lakini nguvu ya kiboko haivuki upeo wa macho ya yule anayekishika. Uhuru ulipokuja mwaka 1962, wakulima wengi waliiacha mibuni imezwe na magugu, kwa sababu mioyoni mwao haikuwa mali yao.

Warundi haohao, ambao mtawala aliwaona kuwa wavivu, wana desturi yao iitwayo ikibiri. Majirani hukusanyika leo katika shamba la huyu, kesho katika shamba la yule, wakalima pamoja pasipo ujira wala msimamizi. Mutoyi pia pana hospitali na ushirika wa wananchi, vilivyojengwa kwa msaada wa Wataliano wa kujitolea. Mfugaji wa kuku aliye mwanachama wa ushirika huyaona matunda ya jasho lake, na hujua kwamba akizembea yeye, jirani yake ndiye ataumia. Mtu wa namna hiyo hahitaji kusimamiwa.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba moyo peke yake watosha. Mwaka 1959 mtaalamu wa Marekani, Frederick Herzberg, alitoa matokeo ya mahojiano aliyofanya yeye na wenzake na wahandisi na wahasibu wapatao 200 katika eneo la Pittsburgh. Aliona kuwa mambo yanayomchukiza mtu kazini si yaleyale yanayompa bidii. Mshahara usiotosha, usimamizi mbaya na mazingira duni huvunja moyo. Lakini hata vikirekebishwa, mtu huacha kunung'unika tu. Bidii hasa hutokana na kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa madaraka, na kuiona kazi yenyewe kuwa ina maana. Watafiti wengine wamebishana naye tangu hapo, lakini historia ya majeshi ya Afrika Mashariki ina mambo yanayofanana na hayo.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Madai yao yalikuwa mawili: waongezwe mshahara, na maofisa wa Kiingereza waondolewe ili Waafrika washike uongozi. Dai la kwanza lilikuwa la tumbo, la pili lilikuwa la heshima. Siku chache baadaye maasi yakazuka pia katika kambi za Jinja na Lanet. Uasi ni kosa kubwa, na ule wa Colito ulizimwa tarehe 25 Januari kwa msaada wa majeshi ya Uingereza, jambo lililoifedhehesha nchi changa. Jeshi lile lilivunjwa. Lakini Jeshi la Wananchi lililoundwa Septemba mwaka huohuo lilijengwa juu ya msingi mwingine, kwamba askari ni raia mwenye nchi yake ya kuilinda.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Warundi wenyewe. Kuanzia Desemba 2007 jeshi lao lilipeleka askari Somalia chini ya Umoja wa Afrika. Posho ya huko ilikuwa kubwa kuliko mshahara wa nyumbani, na ni haki kusema kwamba wengi waliifuata ili wajenge nyumba na kusomesha watoto. Lakini mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipogombana na serikali ya Burundi juu ya njia ya kulipa, askari wakakaa miezi mingi bila posho, mpaka mapatano yalipofikiwa Februari 2017. Wakati wote huo lindo lilishikwa. Walibaki Somalia hadi mwishoni mwa 2024, na wenzao wengi walikufa huko. Mtu hawezi kukesha katika handaki kwa ajili ya fedha ambayo haijaja. Hukesha kwa ajili ya mwenzake aliye kando yake, na kwa ajili ya kiapo. Lakini uaminifu huo usiwe kisingizio cha kumcheleweshea mtu haki yake.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, wajibu una pande mbili. Kiongozi wa kikosi hana budi kuhakikisha kwamba askari wake analipwa kwa wakati, anakula na analala vizuri. Hayo yakiisha kutimizwa, amweleze sababu ya amri, amsifu hadharani afanyapo vema, na amkabidhi kazi anayoweza kujivunia. Naye askari au konstebo akumbuke kwamba barabara anayoilinda usiku ndiyo atakayopita mama anayekwenda kujifungua hospitalini. Mama huyo hatalijua jina la askari aliyekuwa zamu, lakini atafika salama.