Fahamu: Safari ya Chicago kuelekea bodi ya shule ya kuchaguliwa
Bodi ya shule, yaani baraza linaloidhinisha bajeti ya shule za umma na kuamua ni zipi zifungwe, ilikuwa mikononi mwa meya wa Chicago tangu 1995, na wateule wake ndio walioamua mwaka 2013 kufunga takriban shule 50, nyingi zikiwa katika mitaa ya Wamarekani Weusi, ilhali wazazi waliopinga hawakuwa na mjumbe wa kumwadhibu kwa kura. Sheria ya jimbo la Illinois ya 2021 iliunda bodi ya wajumbe 21, ambapo 10 walichaguliwa Novemba 2024 na 11 wakateuliwa, kabla ya wote kuwa wa kuchaguliwa mwaka 2027. Hata hivyo, sheria hiyo iliwanyima wajumbe mshahara, kasoro kubwa inayomfungia mlango dereva wa basi asiyeweza kuacha zamu yake.