Fahamu: Picha ya CT inavyofichua mifupa dhaifu

Ni nini?

Mgonjwa akipigwa picha ya CT ya tumbo, pingili za uti wa mgongo nazo huonekana. Humo daktari anaweza kupima msongamano wa mfupa kwa kipimo cha Hounsfield, ambapo maji ni 0, bila mionzi ya ziada. Utafiti wa Marekani wa 2013 ulionyesha kuwa pingili ya kwanza ya kiuno ikiwa chini ya 110, osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa dhaifu, hushukiwa sana. Ikizidi 160, uwezekano hupungua.

Kwa nini ni muhimu?

Aghalabu ugonjwa huu hujificha hadi mfupa uvunjike, hivyo kupuuza taarifa iliyokwisha kupatikana ni hasara. Wapo wanaotilia shaka usahihi wa kipimo hiki cha CT, na kweli, aina ya mashine na dawa ya kung'arisha picha hubadilisha namba. Lakini shaka hiyo inadai uthibitisho kwa DXA, kipimo maalumu cha msongamano wa mfupa, si kufumba macho.