Udhuru wa Maana: Matembezi ya Motokaa, Baisikeli na Ndege Siku za Korona

Kabla hatujaanza, mwalimu na aandike maneno matatu ubaoni: KANUNI, SHAURI, UDHURU. Yasomeni pamoja, taratibu, kisha yaandikeni katika madaftari yenu. Nitangoja kidogo.

Haya. Kanuni ni neno lililoandikwa kwa nguvu ya sheria. Ukilivunja waweza kutozwa faini au kupelekwa mahakamani. Shauri ni neno la mtu anayekutakia heri, au la serikali inayokuonya. Ukiliacha, pengine majirani watakulaumu, lakini hujavunja sheria. Udhuru mnaujua wenyewe. Ni ile sababu unayoitoa unapoulizwa kwa nini hukuja darasani jana, na mwalimu ndiye anayepima kama ni udhuru wa kweli au wa uongo.

Leo tutaona jinsi maneno hayo matatu yalivyowasumbua watu wa Uingereza katika miaka ya 2020 na 2021, wakati wa maradhi ya korona. Nao walikuwa wakijua kusoma. Tutawaangalia hasa wale wanaotoka na motokaa, pikipiki, baisikeli au ndege ndogo kwa kujifurahisha tu, si kwa kazi wala kwa safari ya haja.

Pengine mtauliza, nani apande ndege kwa kujifurahisha? Huko wako wengi. Ndege zao ni ndogo, za viti viwili au vinne, na mara nyingi watu kadhaa huchangia kununua moja, kama wanaushirika wetu wanavyochangia trekta. Siku ya mapumziko mtu huruka nusu saa, hutazama mashamba kutoka juu, hutua, hunywa chai, hurudi kwake. Wenye pikipiki nao hutoka vikundi vikundi Jumapili kwenda milimani.

Tarehe 23 Machi 2020, jioni, Waziri Mkuu Boris Johnson aliwaambia watu katika televisheni wakae nyumbani. Alisema wanaweza kutoka kununua vitu vya lazima, kwa matibabu, kwa kazi isiyoweza kufanyika nyumbani, na kwa mazoezi ya mwili mara moja kwa siku. Siku mbili kabla ya hapo, Jumamosi, watu wengi mno walikuwa wamekwenda na magari yao katika milima ya Snowdonia, huko Wales. Wakuu wa hifadhi ile walisema kwamba hawakumbuki kupata wageni wengi kiasi kile siku moja. Watu walikimbia miji ili wapate hewa safi, wakakutana wote kwenye njia moja ya kupandia mlima!

Sasa tulitazame lile swali ambalo kila mwenye motokaa alijiuliza. Nikiwa peke yangu ndani ya gari, vioo nimevifunga, nimuambukize nani? Na rubani aliye peke yake angani, amuambukize nani? Swali hili si la kijinga. Ni kweli kwamba mtu aliye peke yake haambukizi mtu. Lakini gari huharibika njiani, na fundi lazima aje. Gari hutaka petroli. Gari hufika mahali, na mahali hapo yako magari mengine 100 ambayo wenyewe nao walidhani wako peke yao. Zaidi ya yote, gari hugongana na pikipiki huanguka, na aliyevunjika mguu huhitaji gari la wagonjwa, daktari na kitanda, wakati ule ule ambapo vitanda na madaktari walitakiwa kwa ajili ya watu wasioweza kupumua.

Sababu hii ilionekana wazi zaidi katika kisiwa cha Man, kilicho katika bahari kati ya Uingereza na Ireland. Kisiwa hiki hujitungia sheria zake chenyewe. Tangu mwaka 1907 kina mashindano makubwa ya pikipiki, yanayokimbiwa katika barabara za kawaida, mzunguko wa karibu maili 38. Nje ya miji barabara nyingi za huko hazina kikomo cha mwendo. Mwezi wa Machi 2020 serikali ya kisiwa iliyavunja mashindano ya mwaka ule, kisha ikaweka kikomo cha maili 40 kwa saa kwa kisiwa kizima ili ajali zipungue na hospitali isielemewe. Mashindano hayakukimbiwa mwaka 2020 wala 2021; yalirudi 2022. Kwa maoni yangu wale wa kisiwani walitumia akili. Hawakumwuliza dereva anakwenda wapi wala kwa furaha gani. Walimwambia apunguze mwendo.

Uingereza bara mambo hayakuwa mepesi hivyo. Kanuni zenyewe zilianza kazi tarehe 26 Machi 2020, siku tatu baada ya hotuba ya Waziri Mkuu. Kwa maneno mepesi zilisema: mtu asitoke mahali anapokaa bila udhuru wa maana. Kisha zikataja baadhi ya nyudhuru hizo: chakula, dawa, kazi, kumsaidia mtu dhaifu, mazoezi ya mwili, na nyinginezo. Aliyevunja alitozwa paundi 60, au 30 akilipa katika siku 14, na faini iliongezeka maradufu kila aliporudia.

Sikilizeni vizuri hapa. Waziri Mkuu alisema mazoezi mara moja kwa siku. Kanuni za England hazikusema mara moja. Za Wales zilisema. Tena kanuni za England hazikutaja hata kidogo kama mtu anaweza kuendesha motokaa kwenda mahali pa kufanyia mazoezi, wala umbali wa maili ngapi. Basi palikuwa na neno la hotuba na neno la karatasi, na kati yao pakawa na nafasi kubwa.

Katika nafasi hiyo wakaingia polisi. Siku zile zile za mwisho wa Machi, polisi wa jimbo la Derbyshire walirusha droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, juu ya ukingo wa mlima mahali paitwapo Curbar Edge. Wakawapiga picha watu waliokuwa wakitembea wawili wawili, wengine na mbwa wao, na magari yaliyoegeshwa chini. Walisoma namba za magari, wakaona mengine ni ya watu wa mji wa Sheffield, mwendo wa nusu saa hivi. Kisha wakazitangaza picha hizo, wakisema safari hizo si za lazima. Watu wengi walikasirika. Lord Sumption, aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu ya juu kabisa, aliwalaumu hadharani, akisema kwamba polisi kazi yao ni kusimamia sheria, si kusimamia matakwa ya mawaziri. (Nami huona ajabu kwamba wakati marubani wote wa kujifurahisha walikuwa chini, kilichokuwa kikiruka juu ya mlima ni kile chombo cha polisi.)

Mwezi wa Aprili wakuu wa polisi walitoa mwongozo kwa askari wao. Ulisema kwamba mtu anayeendesha gari kwenda shambani, kisha akatembea kwa muda mrefu kuliko alioendesha, huenda ana udhuru wa maana. Lakini anayeendesha muda mrefu kwa ajili ya matembezi ya dakika chache, huenda hana. Mwanafunzi mwenye macho ataona neno «huenda». Ulikuwa mwongozo tu, haukuwa kanuni.

Tena liko neno jingine la kuandika ubaoni: MAZOEZI. Udhuru uliokuwa katika kanuni ulikuwa mazoezi, haukuwa burudani. Mwenye baisikeli alisalimika, kwa sababu miguu yake inafanya kazi na jasho linamtoka. Mwenye pikipiki hakuwa na udhuru huo, ingawa naye yuko kwenye magurudumu mawili, kwa kuwa injini ndiyo inayofanya kazi. Mwenye motokaa aliyetoka kuzunguka tu hakuwa nao. Rubani naye hakuwa nao. Basi viwanja vidogo vya ndege vikafungwa, na ndege zikakaa chini ya maturubai tangu mwisho wa Machi.

Kwa marubani jambo hili lilikuwa na hatari yake. Kuruka ni ufundi wa mikono, na mikono husahau. Kwa kanuni za urubani za huko, anayetaka kuchukua abiria lazima awe amepaa na kutua mara 3 katika siku 90 zilizotangulia. Wengi hawaruki sana majira ya baridi kwa sababu ya mvua na mawingu, hungoja Machi na Aprili hali ya hewa ipate nafuu. Mwaka ule Machi ilipofika mlango ukafungwa. Injini nayo ikikaa bila kuwashwa huingia unyevu na kutu.

Tarehe 13 Mei 2020 kanuni za England zilibadilishwa. Burudani ya nje, mahali pa wazi pa watu wote, iliandikwa sasa kuwa udhuru wa maana, na serikali ikasema mtu anaweza kwenda na gari lake mbali atakavyo ndani ya England. Siku chache baadaye ndege ndogo nazo ziliruhusiwa kuruka, rubani akiwa peke yake au na watu wa nyumba yake tu, maana katika ndege za namna hiyo mabega hugusana na haiwezekani kukaa mbali mita 2. Lakini Wales haikubadilika pamoja nao. Huko watu waliambiwa wasiende mbali na kwao, na baadaye wakapewa kipimo cha maili 5 hivi. Mpaka kati ya nchi hizo mbili hauna geti wala uzio. Unavuka daraja tu. Polisi wa Wales walikuwa wakiwasimamisha madereva kutoka England na kuwarudisha.

Wiki mbili hazikupita, nchi nzima ikasikia habari za Dominic Cummings, mshauri mkuu wa Waziri Mkuu. Mwisho wa Machi alikuwa ameendesha gari na mkewe na mtoto wao kutoka London mpaka Durham, kama maili 260, na tarehe 12 Aprili akatoka tena kwenda mji wa Barnard Castle. Aliwaeleza waandishi wa habari kwamba safari ile ya pili ilikuwa ya kujaribu kama macho yake yanamfaa kuendesha kurudi London, maana alikuwa ametoka kuugua. Polisi wa Durham walisema huenda safari ya Barnard Castle ilikuwa kosa dogo la kuvunja kanuni, na hawakumchukulia hatua. Watu waliokuwa wamekosa kuwazika wazazi wao kwa ajili ya kutii hawakulipokea neno hilo vizuri.

Nchi nyingine zilichora mstari wazi zaidi. Hispania ilikataza baisikeli za kujifurahisha mpaka tarehe 2 Mei 2020. Ufaransa ilimtaka kila anayetoka awe na hati aliyoijaza mwenyewe: jina, sababu, tarehe, saa, na sahihi, na mazoezi yasizidi saa moja wala kilometa 1 kutoka nyumbani. Fikirini jinsi ilivyokuwa kwa mtu asiyejua kuandika. Hata huko polisi wengine waliwatoza faini wenye baisikeli, mpaka tarehe 30 Aprili 2020 baraza kuu la kisheria la nchi hiyo likaiamuru serikali itangaze wazi kwamba baisikeli haikukatazwa.

Na huku kwetu? Tanzania Bara haikuwa na amri ya watu wote kukaa ndani. Kenya iliweka amri ya kutotoka usiku tangu tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa 1 jioni, na baadaye ikazuia safari za kuingia na kutoka Nairobi. Uganda tarehe 30 Machi ilisimamisha motokaa zote za watu binafsi, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kuzigeuza teksi. Mwenye mgonjwa ilimbidi kwanza atafute ruhusa ya mwakilishi wa Rais katika wilaya. Mbele ya jambo kama hilo, matembezi ya Jumapili ya Mwingereza yaweza kuonekana mchezo. Lakini swali la askari barabarani ni lile lile: unakwenda wapi, na udhuru wako nini?

Mwanzoni mwa Januari 2021, England ilipofungwa tena, wanawake wawili marafiki walikwenda kutembea kando ya bwawa la Foremark, huko huko Derbyshire. Kila mmoja alikwenda na motokaa yake, kama maili 5 kutoka nyumbani, na mkononi alikuwa na kikombe cha chai. Kanuni za wakati huo ziliruhusu mtu kufanya mazoezi na mtu mwingine mmoja, wala hazikutaja maili. Polisi waliwazunguka, wakawaambia kwamba chai ile ni kama karamu ya nje, wakawatoza paundi 200 kila mmoja. Tarehe 11 Januari faini zilifutwa na polisi wakaomba radhi. Siku moja kabla yake, Waziri Mkuu mwenyewe alikuwa ameonekana akiendesha baisikeli katika bustani ya Olimpiki, maili 7 kutoka ofisini kwake, na mkuu wa polisi wa London akasema hakuvunja sheria.

Sasa mwalimu na asome tena kanuni ile ubaoni: mtu asitoke mahali anapokaa bila udhuru wa maana. Darasa ligawanyike sehemu mbili. Mtu mmoja huko England alitoka na pikipiki yake, peke yake, barabara tupu, akaenda maili 20 na kurudi bila kusimama popote. Upande mmoja mseme juu ya tarehe 1 Aprili 2020, upande wa pili juu ya tarehe 14 Mei. Alikuwa na udhuru au hakuwa nao? Andikeni jibu kwa sentensi mbili, na chini yake kila mtu atie sahihi yake.