Maktaba inayosaidia kazi za nyumbani

Wengi wetu tuna ndugu waliopokelewa Marekani kama wakimbizi. Shida moja ya wazazi kule ni hii: mtoto anarudi na kazi ya nyumbani kwa Kiingereza, na baba na mama hawawezi kumsaidia.

Maktaba za miji mingi hutoa msaada huo bure. Mjini Chicago, maktaba ya mji inalipia huduma ya Brainfuse. Mtoto anaingiza namba ya kadi yake ya maktaba kwenye simu au kompyuta, anachagua somo na darasa, kisha mwalimu, mtu halisi, anamjibu. Wanaandikiana kwenye ubao mmoja wanaouona wote wawili. Mwalimu hamfanyii kazi; anamwuliza hatua kwa hatua mpaka mtoto aone mwenyewe alipokosea. Kuna watoto wanaonung’unikia jambo hilo, lakini kwangu ndiyo faida yenyewe.

Ugumu ni lugha: Kiingereza au Kispanyola. Mtoto mgeni kabisa afadhali aende maktabani, ambako walimu huketi na wanafunzi baada ya shule.

Wazazi wengine hukwepa kadi wakiogopa deni. Chicago ilifuta faini za kuchelewesha vitabu mwaka 2019. Kitabu kilichopotea ndicho hulipwa. Mkiwapigia simu ndugu zenu, waulizeni kama mtoto ana kadi.