Je, Wajua? Timu Iliyoundwa Kuuza Mbwa

Je, wajua kwamba NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, iliwahi kuwa na timu iliyoanzishwa ili kutangaza biashara ya mbwa? Ni Oorang Indians ya LaRue, Ohio, iliyodumu misimu miwili tu, 1922 na 1923. Mwenye timu, Walter Lingo, alifuga na kuuza mbwa wa kuwinda aina ya Airedale. Nafasi katika ligi ilimgharimu dola 100. Mbwa wake mmoja aliuzwa kwa dola 150. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Wachezaji wote walikuwa Wamarekani asilia wa makabila mbalimbali, na kocha wao, aliyecheza pia, alikuwa Jim Thorpe, bingwa wa Olimpiki ya Stockholm ya 1912. LaRue ilikuwa na watu wasiofika 1,000 na haikuwa na uwanja unaofaa, kwa hiyo timu ilikuwa safarini karibu muda wote.

Uhondo wenyewe ulikuwa wakati wa mapumziko. Wapinzani wakienda kupumzika, wachezaji wa Oorang walibaki uwanjani wakirusha visu na vishoka, wakicheza ngoma na kuwaonyesha mbwa wa Lingo kazini. Mchezaji mmoja alipigana mieleka na dubu! Pumzi ya kipindi cha pili ingetoka wapi? Msimu wa kwanza walishinda mechi 3 wakapoteza 6. Wa pili walishinda 1, wakapoteza 10. Watazamaji walipochoka na maonyesho, Lingo alifunga mfuko, na timu ikavunjika.