Kunyamazisha Jeni ili Kuijua Kazi Yake

Mwaka 2002 ilichapishwa orodha ya jeni za mbu aitwaye Anopheles gambiae, ambaye ni mmoja wa waenezaji wakubwa wa malaria katika Afrika. Ilionekana kwamba mbu huyo ana jeni zipatazo 13,000. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini orodha si maelezo. Mtu aliyepewa majina ya wafanyakazi wote wa kiwanda hajui bado ni nani awashaye tanuri na ni nani afungaye mizigo. Ikiwa hana wa kumwuliza, anaweza kumzuia mfanyakazi mmoja asiingie kazini kwa siku moja, kisha akatazama ni shughuli gani iliyokwama. Wanajenetiki nao hufanya vivyo hivyo: huizuia jeni moja isifanye kazi, kisha huchunguza ni kitu gani kimepungua katika kiumbe.

Njia hii ilipata nguvu mwaka 1941 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. George Beadle na Edward Tatum walichukua ukungu uitwao Neurospora, ambao kwa kawaida huweza kuishi juu ya chakula hafifu sana: sukari, chumvi chache na vitamini moja tu, yaani biotini. Mahitaji yake mengine yote hujitengenezea wenyewe. Wataalamu hao waliupiga ukungu kwa miale ya eksirei ili kuziharibu jeni zake, wakaotesha mbegu zake (spora) moja moja katika chakula chenye kila kitu, halafu wakazihamishia katika chakula hafifu. Nyingi ziliendelea kukua. Ile ya 299 haikukua, ila ilipoongezewa vitamini B6. Maana yake ni kwamba jeni iliyoharibika ndani yake ilihusika na utengenezaji wa vitamini hiyo. Kwa mifano ya namna hiyo Beadle na Tatum walionyesha kwamba jeni huongoza utengenezaji wa vimeng'enya, na mwaka 1958 walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Hapa inafaa kueleza kwa nini walichagua ukungu. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Neurospora huwa na nakala moja tu ya kila jeni, kwa hiyo nakala hiyo ikiharibika kasoro huonekana mara moja. Binadamu, panya na mbu wana nakala mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mara nyingi nakala nzima huifichia aibu iliyoharibika, na mtafiti hulazimika kuzalisha vizazi kadhaa ndipo ampate mnyama mwenye kasoro katika nakala zote mbili.

Eksirei ina upungufu mwingine: haichagui. Mtafiti hurusha jiwe gizani, kisha hutafuta alichokipiga. Katika miaka ya 1980 Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies waliandaa njia ya kuiharibu jeni iliyokusudiwa katika panya, na panya wa kwanza wa namna hiyo walitangazwa mwaka 1989. Kazi hiyo ilikuwa ndefu na ya gharama, na kwa miaka mingi haikuweza kutumika kwa viumbe vingi vingine, mbu akiwa miongoni mwao.

Msaada ulitoka mahali ambapo hapakutazamiwa. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliongeza nakala ya jeni ya rangi katika maua ya petunia, wakitumaini kupata zambarau iliyokolea zaidi. Badala yake baadhi ya maua yalitoka meupe kabisa. Ilikuwa kana kwamba jeni iliyoongezwa na ile ya asili zimenyamazishana. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello, waliokuwa wakifanya kazi kwa kutumia minyoo wadogo, walitoa ufafanuzi. Ili jeni ifanye kazi, habari zake hunakiliwa kwanza kutoka DNA kwenda RNA, na nakala hiyo ya uzi mmoja ndiyo isomwayo wakati wa kutengeneza protini. Seli ikikuta RNA yenye nyuzi mbili huiona kuwa kitu kigeni. Huikata vipande vidogo, na vipande hivyo hutumika kama kielelezo cha kutafutia na kuharibu kila nakala inayofanana navyo. Jeni yenyewe hubaki salama, ila ujumbe wake haufiki.

Faida yake kwa uchunguzi wa malaria ilionekana upesi, maana sasa mtafiti aliweza kumdunga mbu mzima RNA ya nyuzi mbili kwa sindano nyembamba ya kioo na kuinyamazisha jeni aitakayo. Mwaka 2004 watafiti wa Strasbourg, Ufaransa, walieleza jaribio lao juu ya jeni iitwayo TEP1. Kundi moja la mbu lilidungwa RNA ya kuinyamazisha TEP1. Kundi la pili lilidungwa RNA ya jeni ya bakteria, ambayo mbu hanayo kabisa, ili ijulikane kwamba matokeo hayasababishwi na jeraha la sindano tu. Kisha makundi yote mawili yalilishwa damu yenye vimelea vya malaria ya panya, vilivyotiwa protini ing'aayo ili vihesabike kwa urahisi chini ya hadubini. Mbu walionyamazishwa TEP1 walikuwa na vimelea kiasi cha mara tano zaidi kuliko wenzao. Hata mbu wa ukoo ambao kwa kawaida huviua vimelea vyote waligeuka kuwa waenezaji. Kwa hiyo ilidhihirika kwamba TEP1 ni silaha ya mbu: protini yake huelea katika damu ya mbu, hukishika kimelea kinapopenya ukuta wa tumbo, na kukitia alama ya kifo.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Mwaka huohuo wa 2004 iligunduliwa kwamba jeni nyingine, CTL4, ikinyamazishwa, vimelea vya panya hufa kwa wingi ndani ya mbu. Wapo walioona hapo mlango wa kuzuia malaria. Lakini jaribio liliporudiwa huko Cameroon kwa vimelea vya binadamu, Plasmodium falciparum, kutoka katika damu ya watu wenye vimelea hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 hayakuonyesha athari hiyo. Mtu anayeishi penye malaria ana haki ya kuuliza, kila asomapo habari njema za maabara, ni kimelea kipi kilichotumika.

Tangu mwaka 2012, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipoonyesha jinsi kimeng'enya Cas9 cha bakteria kinavyoweza kuelekezwa mahali palipochaguliwa katika DNA, jeni yenyewe huweza kukatwa. Seli huunga mkato huo kwa haraka, na mara nyingi hupoteza au huongeza herufi moja au mbili. Kwa kuwa herufi za jeni husomwa tatu tatu, kosa dogo huharibu yote yanayofuata. Tuchukue sentensi MTO HUO UNA MBU. Ikiondolewa T, na msomaji akiendelea kusoma tatu tatu, atapata MOH UOU NAM BU.

Kwa njia hii, mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliiharibu jeni FREP1 ya mbu, ambayo protini yake hukisaidia kimelea kupenya tumbo. Vimelea vilipungua sana, vile vya binadamu pia. Lakini mbu hao hawakuwa na hamu ya damu kama kawaida, mayai yao mengi hayakuanguliwa, na maisha yao yalikuwa mafupi. Bila shaka FREP1 haikuwekwa ndani ya mbu kwa ajili ya kukihudumia kimelea. Ina kazi zake nyingine, nazo zilijulikana kwa kukosekana.

Mara nyingine hutokea kinyume: jeni huharibiwa, na hakuna kinachoonekana. Jeni za hamira, zipatazo 6,000, zilipoondolewa moja moja, chini ya moja ya tano ndizo zilizoonekana kuwa za lazima kwa ukuaji wake katika chakula kizuri cha maabara. Haifai kusema kwamba nyingine zote ni za bure. Huenda zina wasaidizi, au kazi yake huhitajika wakati wa njaa, joto au chumvi nyingi, hali ambazo mtafiti hakuzijaribu.

Kuhusu FREP1, mwaka 2025 ilitangazwa njia ya upole zaidi. Badala ya kuiharibu jeni, watafiti walibadilisha asidi amino moja tu ya protini yake katika mbu Anopheles stephensi, aliyetoka Asia na ambaye sasa ameingia Ethiopia na Kenya. Vimelea vilizuiwa, na afya ya mbu haikudhoofika sana. Majaribio hayo yalifanyika ndani ya vizimba vya maabara.